Hodi ni Neno la Mgeni

Makambako,
Jumanne, 16 Julai.

Kaka yangu mpendwa Abel,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Lidia na watoto mkiwa wazima, na baridi ya huko Matamba haijawanyima usingizi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Mimi mwili hauna neno. Hayo mengine utayasoma mwenyewe.

Najua utashangaa kupata barua enzi hizi ambapo hata bibi kizee anatuma sauti kwenye simu. Lakini simu zangu huzipokei, na sikulaumu. Tena haya nimejaribu kuyatamka nikiwa peke yangu mbele ya cherehani, mdomo ukakataa. Kwa hiyo nimempa barua Mama Tabea, yule anayeleta mablanketi mnadani huko kwenu, akukabidhi mkononi. Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Usiiweke kwenye simu kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na kichekesho. Mdogo wako amekuwa staa! Watoto wa stendi wakiniona wananiita Mama Viazi, na mwuza chips mmoja amenitania kwamba niende nikammenyee ndoo nzima, bure, kwa kuwa mkono wangu umeshaonekana kwenye filamu. Mimi ninayeogopa hata kusoma matangazo kanisani.

Ilikuwa hivi. Edward, kijana wa Njombe anayepiga video za harusi, alikuja kutengeneza filamu yake hapa Makambako, nami nikapewa kazi ya kuwashonea nguo. Ndani ya hadithi yao kuna mwanamume aliyedhaniwa amefia mbali. Anarudi, anabisha hodi mara tatu, mkewe anafungua, anapiga ukelele na kuzimia. Basi. Kipande cha dakika mbili, wala hakikuwa na uzito, kwa sababu staa wao alikuwa Oktavia, anayeigiza binti wa yule mwanamume, na kila kitu kilipangwa kumzunguka yeye. Siku hiyo dada wa kuigiza mke hakutokea. Edward akanitazama, akasema nguo umeshona mwenyewe, zitakukaa, kaa hapo umenye viazi. Nikakaa.

Ilikuwa saa tisa mchana, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye madirisha. Mwanamume mwenyewe aliigizwa na Mzee Benno, mwalimu mstaafu, Mpangwa wa Ludewa, mtu mpole sana. Yeye alisimama nje, mlango umefungwa. Edward akatoa ishara. Nami nikasikia kikohozi kifupi, halafu sauti ikasema: Kamwene, nyumba yangu.

Kaka, unaijua salamu hiyo. Unajua ni nani peke yake aliyekuwa akisalimia nyumba. Unakumbuka tulivyomcheka utotoni, naye akatujibu kwamba hodi ni neno la mgeni, mwenye nyumba habishi hodi kwake, anaisalimia nyumba, na nyumba isipoitika haingii, maana ina jambo lake. Unakumbuka tulivyokuwa tukishindana nani awahi kuitika.

Mikono yangu haikusimama. Nilisikia mara ya pili, nikaendelea kumenya. Nilisikia mara ya tatu, na kile kikohozi kabla yake. Kiazi kilikuwa kimekwisha, nikawa namenya kidole, damu inaingia kwenye maganda, nami sikuisikia. Sikuinuka. Sikupiga ukelele wowote. Mzee Benno alipoona hafunguliwi alidhani kipande kimebadilishwa, akageuka akaondoka, na viatu vyake vikasikika kwenye changarawe mpaka vikapotea. Edward hakuzima kamera. Alipozima alikuwa analia, akasema aliyoandika yeye ni upuuzi, kibaki hivi hivi.

Nilimfuata Mzee Benno nikamwuliza kwa nini alisalimia Kibena. Alicheka, akasema amesema hodi mara tatu kama alivyoelekezwa, na salamu hiyo hakuwa na sababu ya kuitia. Wakairudia video tukasikiliza wote. Wote walisikia hodi. Mimi nilisikia kamwene. Sikuwaambia, nisije nikaambiwa nimerukwa na akili.

Walipoionyesha ukumbini hapa mjini, watu waliokuja kumwona Oktavia waliondoka wakinizungumzia mimi. Kipande kile kilipofika, tukasikia hata mabati yakilia kwa upepo. Oktavia mwenyewe alikuja kunikumbatia, akanitania kwamba nimemnyang'anya filamu yake kwa ndoo ya viazi. Wiki iliyopita amenipigia mtu wa Dar es Salaam, anataka nikaigize kwenye filamu kubwa. Anasema uso ule haufundishwi chuoni. Ni kweli. Uso ule ninao tangu nikiwa na miaka ishirini na mmoja.

Sasa nije kwa Mama. Jumapili, baada ya ibada, nilipanda mlima hadi nyumbani nikamwonyesha filamu kwenye runinga. Nilitaka afurahi, na nadhani nilitaka pia kujua. Alikuwa anacheka na kuwasema waigizaji kama kawaida yake, kikombe cha chai mkononi. Ulipofika mlango ule, aliweka kikombe chini. Kabla sauti ya kwanza haijaisha, Mama aliitika, taratibu, kama mtu aliyekuwa jikoni tu: Kamwene, Baba Abel, ingia, kuna baridi. Ilipokuja ya pili aliitika tena. Ilipokuja ya tatu hakuitika. Alinigeukia mimi, siyo yule wa kwenye runinga, mimi niliyekaa naye mkekani, akaniuliza kwa nini simfungulii.

Nilimwambia ni Mzee Benno huyo, anasema hodi. Mama akasema hajasikia hodi yoyote. Asubuhi ya jana, kabla sijashuka mjini, alimwita fundi, akamwambia ang'oe komeo la mlango wa mbele. Fundi alimwuliza kama haogopi wezi, akajibiwa kwamba nyumba haifungwi mwenyewe akiwa nje. Tangu jana mlango umeegeshwa tu, na mwezi huu wa Julai unajua baridi yetu ilivyo.

Kaka Abel, sasa nisome vizuri.

Kwa miaka tisa Mama hajakuita mwanangu. Mbele ya kaburi alikunyooshea kidole, watu wote wakasikia, akasema kama ungemfikisha baba yako mlangoni angekuwa hai. Kosa lako lilikuwa kwamba mnyororo wa pikipiki ulikukatikia njiani, ukafika stendi ya Makambako basi la Iringa limeshashusha na kuondoka, na Baba na kifua chake kile akalala gesti, akadandia lori la mbao kabla ya kupambazuka. Walimkuta saa tatu asubuhi chini ya miti ya misindano, pale kwenye kona chini ya nyumba yetu, ameketi, barafu ya umande imeshika koti. Kila mtu alisema mlima ulimshinda. Uliamini hivyo hata wewe, ukahamia Matamba kwa aibu isiyo yako.

Baba alifika mlangoni.

Mlima haukumshinda. Aliupanda wote. Mama alikuwa msibani Lupembe, na Baba alipokosa kufika usiku ule nilijua niko peke yangu, nikamkaribisha Joackim, mpenzi wangu wa wakati huo. Alikuwa bado yumo ndani kulipokucha. Nilisikia kikohozi, nikasikia Kamwene, nyumba yangu. Mzee wa kanisa yuko mlangoni, na binti yake ana mwanamume ndani! Niliweka mkono juu ya komeo, siyo kulifungua, kulishika lisilie. Alisalimia mara tatu. Nilijiambia ataenda kwa baba mdogo akaote moto, Joackim atapita nyuma, halafu nitamkimbilia na chai. Badala yake nilisikia viatu vyake vikigeuka kwenye changarawe, vinashuka. Nadhani alikuwa anaipa nyumba nafasi imalize jambo lake. Alikwenda kukaa akisubiri niitike.

Joackim simlaumu, hakujua ni salamu ya nani. Mimi nilijua. Siku ya mazishi nilisema nitasema kesho, na kesho hiyo imekuwa miaka tisa. Nimekuacha ubebe maiti ya baba yetu peke yako, kaka, na watu wananipigia makofi kwa kukaa kimya. Naona haya hata kukuomba msamaha, lakini nakuomba.

Jumamosi hii napanda kwa Mama kumwambia yote. Nafikiri sehemu anaijua tayari, ila anataka itoke kinywani mwangu. Dar es Salaam siendi. Sitaki tena kulipwa kwa uso ule. Sasa unaweza kusikiliza hiyo memori kadi, ukipenda; kipande kile cha mlango kimo humo. Ukisikia hodi, nitashukuru, nitajua kwamba Baba hana neno nawe. Ukisikia ile nyingine, usiogope. Hakuji kwa ajili yako.

Nakuomba uje Jumamosi hiyo, hata kama ni kwa saa moja, hata kama hutanitazama. Uje na watoto, Mama hajamwona hata mmoja, na yule mkubwa nasikia ana masikio ya Baba. Msalimie sana wifi Lidia, umwambie gauni lake nimelimaliza. Wasalimie na majirani wote wanaotujua.

Ukifika usibishe hodi, kaka, wewe si mgeni. Simama pale nje uisalimie nyumba. Nitakuwa nimekaa karibu na mlango, na safari hii nitaitika.

Ni mimi mdogo wako,
Eveline