Maswali Asiyoyauliza Mtoto

Ikonge, Nyamira
10 Machi 1974

Kwa Wakesho,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua mvua ikinyesha. Natumai huko chuoni Nairobi u mzima, na unakula.

Kiswahili changu ni cha mashamba ya chai ya Kericho, tulikoishi na marehemu mzee, na kuandika nilijifunza ukubwani, kwa hiyo usinicheke. Tangu umalize kazi yako ya kuuliza wajane, nyumba imenyamaza. Majirani hawaji hata kuomba moto. Unajua wanavyosema, kwamba watoto wangu niliwala mwenyewe. Wewe ulikaa jikoni kwangu na mashine yako ya kunasa sauti, ukala ugali wa wimbi bila kuogopa. Juzi nikichuma pareto nilijikuta najiuliza maswali yako na kuyajibu. Niandikie.

Ni mimi,
Bonareri


Nairobi
28 Aprili 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, goti je? Nisamehe kwa kuchelewa. Naandika ripoti mchana kutwa, na sauti yako ndiyo ninayoisikia kuliko ya mtu yeyote hapa. Bwenini sina wa kuzungumza naye. Kwetu Taita aliyekulisha hivyo ni mama, usishangae nikikuita hivyo.

Sura ya tatu yote ni maneno yako: jinsi mzee alivyohama kitanda chako watoto walipokufa, na uliyoyafanya ili arudi. Mwalimu wangu ameipenda sana. Jina lako nimelibadilisha.

Mwanao,
Wakesho


Ikonge
12 Mei 1974

Wakesho,

Marahaba. Goti ni lilelile. Neno lako la mwisho, mwanao, lilinifurahisha siku nzima. Nikampelekea Orpah wa kanisani alisome, maana ndiye pekee anayenisalimu, na siku ile ya habari za kitanda alikuwapo, tukacheka sote. Safari hii hakucheka. Aliniuliza, “Mtoto gani huyo uliyemweleza kitanda cha baba yake?”

Hapa kwetu kuna chinsoni, haya iliyo kati ya mzazi na mtoto. Mama hasemi mambo hayo, na mtoto hayaulizi. Wewe nilikwambia kwa sababu ulikuwa mgeni wa kupita. Sasa nikikumbuka nafunika uso, hata nikiwa peke yangu. Chagua, maneno yale yatoke, au usiniite mama.

Bonareri


Nairobi
25 Mei 1974

Shikamoo,

Natumai u mzima. Sijui nikuiteje. Haya hiyo sikuijua, nami nilitumwa huko kujua mambo kama hayo. Mwalimu anasema bila sura ile kazi haisimami. Nimemwambia naitoa. Ukitaka nifute na sauti, niandikie neno moja tu. Ila usininyamazie, tafadhali. Kukaa hapa bila barua yako ni kugumu.

Mwanao, kama inawezekana,
Wakesho


Ikonge
15 Septemba 1974

Wakesho,

Marahaba. Ni mzima, nawe uwe mzima. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu nikuambie ufute, mkono unakataa. Ukifuta, binti yangu Nyanchera na ndugu zake hawatajwi tena popote. Makaburi yao yako Kericho, ndani ya chai ya watu.

Wiki iliyopita Orpah alijikinga mvua kwangu, akiwa na mjukuu wake wa kike. Msichana yule akamuuliza mambo ya babu yake, ya kitanda kabisa, na Orpah akajibu yote huku wakicheka. Kwetu bibi na mjukuu hawaoneani haya. Mimi nikalia. Orpah akadhani ni moshi.

Basi usifute kitu. Mama yako siwezi kuwa, na hilo linaniuma, lakini naweza kuwa bibi yako. Ila bibi hawi bibi bila mtoto wa katikati. Nyanchera angekuwa hai, angekuwa na umri wa kukuzaa. Mama yako wa Taita asikasirike.

Njoo Desemba. Majirani wakiuliza wewe ni nani, nitawaambia ni mtoto wa Nyanchera.

Bibi yako,
Bonareri