Themanini na Nne

Kwa mdogo wangu Zambarau,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, na shemeji yako amesimama nyuma yangu kuhakikisha naandika.

Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho alikuwa akatwe mafindofindo. Walipombana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, kikasoma themanini na nne, na daktari wa usingizi akakataa kumgusa. Moyo na mapafu vilikutwa vizima. Ndipo wakachukua damu yake, kisha na yangu.

Daktari alinieleza kwamba hemoglobini yetu, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, imebadilika umbo kidogo, kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu. Haiishiki oksijeni kwa nguvu, huiachia mapema. Ndiyo maana kifaa kinasoma chini na midomo yetu ina rangi ile waliyokupachikia jina. Alisema ni kama mchukuzi anayebeba pungufu lakini hasiti kuutua mzigo mlangoni, kwa hiyo mwili haukosi kitu. Si ugonjwa, ni urithi. Mimi nikawa naitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi.

Unakumbuka wiki ile kifaa kama hicho kilipoletwa zahanati ya kiwanda, ninakopima wafanyakazi. Nilikupima, nikaandika kwa mkono wangu kwamba hufai kazi ya tanuri. Hukubisha. Ulisema kaka hawezi kukuonea, ukakabidhi glavu. Miaka tisa sasa, fundi mzima unalinda geti la watu, na ngazi unazipanda kwa woga ukidhani moyo utasimama.

Sasa sikia nilichokuficha. Desturi yangu ilikuwa kujibana mwenyewe kwanza, nione kama kifaa kinafanya kazi. Asubuhi ile kilinisomea themanini na nne. Nikabadilisha betri. Themanini na nne. Ulipokuja wewe nikajua kifaa ni kizima na wagonjwa ni wawili. Nikaandika mmoja. Niliogopa kupoteza kazi, mdogo wangu. Mkuki kwa nguruwe. Tangu siku ile sijajibana tena.

Jana nimempelekea meneja karatasi ya daktari pamoja na namba zote mbili za asubuhi ile, yako na yangu. Amesema tanuri lina nafasi ukitaka kurudi. Kuhusu mimi, atanijibu Jumatatu. Sijalia wala sijapumua vizuri, nakaa tu.

Wapeleke watoto wapimwe, wasije wakatiwa hofu bure. Nisalimie shemeji. Na ngazi, panda unavyotaka.

Ni mimi kaka yako,
Themanini na nne.