Sala Niliyoomba Kwenye Foleni ya Malori

Mchumba wangu Neema, mumeo huko Mwanza asinune, babu nina haki yangu. Hapa Chapwa sote wazima, mahindi yamebeba, na gunia bado nanyanyua mwenyewe, vijana wanatazama tu.

Unauliza uchungu wa kujifungua ukianza na hofu ikikukamata, uombe nini. Mimi hofu siijui. Ila siku moja yenyewe ilinijua.

Bibi yako alishikwa na uchungu wa mama yako, tukapanda lori kwenda hospitali Vwawa. Kufika barabara kuu, foleni ya malori ya mpakani haisogei. Nikamtukana dereva, nikapiga mabodi ya lori. Bibi yako akasema, "We mwanaume, omba!" Mimi kanisani nilikuwa nasindikiza tu. Sala niliyoijua ni moja, nikaiomba kwa sauti: "Bwana, bariki chakula hiki na mikono iliyokiandaa."

Dereva akaitikia amina. Bibi yako akacheka katikati ya maumivu: "Kwani unataka kunila?"

Foleni haikusogea. Lakini kifua kilitulia, nikanyamaza, ndipo nikamsikia anaomba maji. Kumbe alikuwa akiyaomba tangu Chapwa, makelele yangu yakamfunika. Nikamshikia kikombe mpaka Vwawa.

Basi omba unayoijua, Mungu anajua kuipanga. Mimi siku hizi naogopa kuliko siku ile, maana uko mbali. Uchungu ukianza, mumeo apige simu ya jirani yangu hapa, aniite, halafu akupe wewe. Sitasema kitu. Nitakusikiliza tu.

Babu yako