Dawa ya Puani na Wifi Yangu Zuwena

Jumapili, 12 Januari
Nimemeza kidonge, nimerudi kitandani. Dawa ya nne hii kwa miaka miwili, na mimi vilevile. Daktari wa hapa Ibra kasema ipo nyengine, ya kupuliza puani, kwa huzuni isiyosikia vidonge. Yeye hana. Nitafute.
Nitatafuta. Sifi kabla Zuwena hajaniona nimesimama.

Jumanne, 14 Januari
Simu tangu asubuhi. Sur hawana. Mmoja kanicheka, ati dawa ya mafua? Mwisho nimeipata Nizwa, kliniki moja ya maradhi ya akili, njia ya Firq. Jumatatu na Alhamisi. Unapuliza, unakaa masaa mawili wakuangalie presha, na gari huendeshi mpaka ulale uamke. Lazima uje na jamaa yako, atie saini.
Jamaa gani? Mume wangu yuko jangwani kwenye mafuta. Binti yangu Aziza anasomesha Sur. Mwenye gari na nafasi ni dada wa mume wangu tu, Zuwena. Loh!

Alhamisi, 16 Januari
Niandike nisije nikalainika. Watu walipokuja kumposa Aziza, Zuwena ndiye aliyewanong'oneza kuwa mama yake kapagawa na shetani. Posa ikavunjika. Aziza kalia siku tatu. Mimi hata kulia sikuweza.
Leo nimempigia huyohuyo kumwomba anipeleke. Kakubali upesi, apate la kusimulia. Namjua.

Jumatatu, 20 Januari
Mara ya kwanza. Chungu kooni. Kichwa chepesi, ukuta unasogea. Zuwena kangojea nje ukumbini. Wanawake wawili wa Al Qabil, mji wa jirani, wamemwona pale, wakamsalimia; kaniambia mwenyewe njiani. Mimi nilikuwa ndani, hawakuniona.

Jumamosi, 25 Januari
Alhamisi tulikwenda tena. Leo kahawa kwa jirani, Bi Rahma. Kanishika mkono: "Masikini wifi yako. Kaanza lini wazimu?"
Habari ya wale wa Al Qabil imeshafika, wamedhani mgonjwa ni yeye! Ningeweza kusahihisha. Nimekunywa kahawa yangu, nikasema, "Tumwombeeni dua."
Wallahi nimeona raha. Raha ya kwanza kwa miaka miwili. Naye aonje.

Jumatatu, 27 Januari
Hakuja. Kaandika: "Tafuta mwengine. Watu wananisema." Nimesimama mlangoni na mkoba wangu mpaka saa nne. Teksi ipo, lakini dereva si jamaa.

Alhamisi, 30 Januari
Sikwenda. Nimelala siku tatu. Kliniki wamepiga simu, wanasema nisikatishe, ndio kwanza naanza. Na wiki iliyopita nilikuwa nimeanza kusikia harufu ya mkate jikoni.
Nimemtukana Zuwena kutwa. Kisha nikachoka. Safari hii nimejiponza mwenyewe.

Ijumaa, 31 Januari
Aziza kaja kutoka Sur. Nimemweleza yote. Nikimsafisha shangazi yake, nimekiri ugonjwa wangu mbele ya mji mzima, na nani atakuja kumposa tena? Kanitazama sana. "Mama, wameshasema. Sema na wewe."

Jumamosi, 1 Februari
Kahawa kwa Bi Rahma. Zuwena hayupo. Nimeweka kikombe chini, nikasema: "Mgonjwa ni mimi. Zuwena ananipeleka tu. Ni maradhi ya huzuni, wala sina shetani."
Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwema. Nikaongeza: "Na aliyesema nina shetani ni yeye." Hilo lilikataa kumezeka.

Jumatatu, 3 Februari
Saa mbili asubuhi, honi. Zuwena. Maneno ya kwa Bi Rahma yameshamfika; hakushuka, hakusalimu. Mpaka Nizwa hatukusemezana. Katia saini, kakaa ukumbini, kanisubiri masaa yote mawili.
Njiani kurudi kasimamisha gari Mudhaibi, kanunua wali na kuku, kaniwekea mapajani. "Kula."
Sijamsamehe. Ile posa siisahau, na naona naye hajanisamehe. Lakini nilikuwa na njaa, nimemaliza wali wote. Kanipa maji, kisha kauliza Alhamisi aje saa ngapi.