Taa ya Baraza na Kaktasi ya Mama

Jumamosi, Juni. Bigwa.

Ukungu umeshuka kutoka mlima Uluguru hadi kwenye paa la jirani, na saa tatu asubuhi ulikuwa bado haujaondoka. Nyumba ilionekana kama inaelea.

Kaktasi ya Mama ni ile isiyo na miiba, yenye majani bapa yanayoning'inia nje ya chungu. Zamani ilichanua kila Juni, baridi ikishika. Misimu miwili iliyopita haikutoa hata ua moja. Nilibadilisha udongo, nikapunguza maji, nikaongeza samadi. Wapi.

Kosa lilikuwa langu. Macho ya Mama yanafifia, na daktari ametuambia wazi kwamba hayatarudi. Ili asijikwae barazani nilifunga taa inayowaka tangu magharibi hadi asubuhi. Kumbe mmea huu hautungi maua bila giza refu.

Taa niliyomwekea Mama aone ndiyo iliyomnyima kitu alichotaka kukiona.

Sikuizima. Tangu Aprili, ikiadhiniwa magharibi, nakifunika chungu kwa tenga la kabichi, na juu yake kitenge cheusi. Asubuhi nafunua.

"Umeanza kufuga kuku, baba?" Mama aliniuliza siku ya kwanza.

"Nafuga giza, Mama."

"Haya. Likitaga uniite."

Mwezi uliopita yakatokea matumba sita. Nilifurahi kupita kiasi, nikakigeuza chungu nipate mwanga mzuri wa picha. Mmea huu haupendi kugeuzwa. Ndani ya siku chache matano yalikuwa sakafuni. Mama aliyaokota kwa kupapasa, moja moja.

"Wewe na picha zako," akasema. Basi.

Leo lile moja limefunguka. Nilimwita. Aliinama hadi pua ikakaribia kuligusa, akabaki hivyo muda mrefu, ukungu ukipita kati yetu.

"Jekundu," akasema. "Lile lile."

Miaka yote kazini nimeishi kwa swali la pili. Mtu akinieleza jambo, namuuliza amelijuaje. Leo swali lilifika hadi kwenye ulimi.

Nikaenda kumletea kiti. Amekaa na ua lake mpaka mlima ulipoonekana.

Ameliona, au amelikumbuka?

Sitauliza.