Ile Machine Inavuta Sana

Solange uko? Hasira inaniua!!

Unakumbuka aspirateur, machine ya kuvuta vumbi, nilienda kununua Beni, ya kazi yangu ya kusafisha tapis, mazulia? Mathe, ule baba mwenye duka, alinionyeshaka kadogo. Mimi nikakataa, hapana, ile ni ya nyumba, mimi nasafisha tapis ya makanisa!

Njo nikamuuliza juu ya ile kubwa: inavuta muzuri? Akacheka. "Mama Jokébed, hii inavuta SANA."

Sana! Ni yeye alisema sana!

Leo niko kanisani huku Butembo, mariage, arusi, ni kesho, chorale iko naimba na micro. Nawasha machine... PUU! Groupe, jenereta ya kanisa, inazimika. Micro kimya. Chorale yote inaniangalia.

Tunawasha tena. PUU!

Nikamupigia Mathe telefone. Unajua alijibu nini? "Lakini mama, si nilikuambia inavuta sana? Inavuta courant, umeme. Wewe hukuuliza juu ya vumbi."

Courant, Solange!! Eti sikuuliza vumbi!

Sasa pasta amesema groupe ibakie ya chorale, mimi nitoke na tapis nikaipige fimbo inje.

Machine imekaa ku kiti ya mbele kama mama ya bibi arusi. Mimi njo niko navuta tapis, na mikono yangu.