Gari la Baba Yako Tulililaza Ubavu

Tarime,
Jumatatu asubuhi

Mke wangu Mama Zuhura,

Salaam kwako na kwa wote walioamka nyumbani humo leo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta, imekunjwa sana lakini haijafunguliwa. Nimefurahi kwamba Zuhura amepona surua, na kwamba nyonga ya mama yako haimsumbui sana asubuhi. Hukusema jioni anakuwaje. Uniandikie na ya jioni. Mimi ni mzima. Huku mvua imekatika, mahindi ya vijiji vya ujamaa yanavunwa, na kazi yangu ni kuyafuata na kuandika yamefikia wapi.

Umeniuliza swali moja: gari litafika Kondoa au halitafika? Ukasema hutaki maneno ya kukutia moyo. Najua kwa nini. Uhamisho wako wa kuja kufundisha hapa utatolewa kwa mwalimu mwingine usiporipoti shule zikifunguliwa, nawe huwezi kumwacha mama peke yake, wala mama hawezi kukaa kwenye basi na nyonga ile. Kiti cha nyuma cha gari la marehemu baba yako ndicho pekee anachoweza kulalia njia nzima. Kwa hiyo nakueleza lilivyokuwa, kisha ujipimie.

Giaboksi lilikuwa linavuja. Kila nilipoegesha niliacha doa jeusi, na oili huku haipatikani mpaka kwa kibali. Nilikuwa naongeza, linamwaga. Likikaukiwa huko mbele ya Nzega, meno yatasagika na tutakwama porini na mgonjwa. Nilijaribu kulitengeneza mwenyewe hapa uani, nimelala chali juu ya gunia, chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki mbovu na mawe. Baba mwenye nyumba yangu alishafariki. Mjane wake, Mama Bhoke, alinitazama Jumapili mbili bila kusema kitu. Ya tatu akaniuliza kama huko kwetu mwanamume hulala chini ya gari kwa sababu mke amemfukuza kitandani. Nikamwambia mke yuko mbali. Akasema basi nitoke huko chini nimfuate.

Mwanawe Chacha, ambaye ana ng'ombe kule Nyanungu na alikuwa amekuja kumsalimu, alichutama akanichungulia.

"Ng'ombe akiumwa tumbo, huwa unalala chini yake?"

Nikamjibu kwamba gari si ng'ombe.

"Ndiyo maana linakushinda," akasema. "Ng'ombe tunamwangusha."

Nilidhani ni utani. Jumapili iliyofuata alikuja na wanaume wa rika lake, wale waliotahiriwa pamoja naye, ambao akiwaita hawaulizi ni kazi gani. Walikuwa na kamba za kuangushia mafahali. Mchana wa Jumapili magari hayaruhusiwi barabarani, hivyo hata madereva walikuja kutazama, wakakaa ukutani wakitoa ushauri.

Nilikuwa nimemwita pia Fundi Abdala. Huyu ni mtu wa Pangani aliyekuja huku kushona viatu, akaishia kutengeneza magari, na bado anafanya yote mawili. Alipoona kamba aliweka spana zake chini akasema kwamba likipinduka chali yeye hamjui mtu hapa. Lakini hakuondoka. Aliamuru kwanza betri itolewe, petroli ikingwe kwenye debe, na oili iliyobaki kwenye sufuria. Sufuria ilikuwa ya Mama Bhoke. Hilo nitalisikia mpaka nihame.

Walijaza nyasi kwenye magunia, wakayapanga chini, wakafunga kamba kwenye ekseli. Nusu yao walisukuma, nusu walizuia kwa kamba upande wa pili, na Chacha aliwaongoza kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mnyama. Gari la baba yako lilienda polepole likalala ubavu wa kushoto, upande wako. Hakuna kioo kilichovunjika. Tumbo lake lote likatazama jua. Nikafikiri marehemu angesema nini, na nikasikia sauti yake kabisa, akisema tutafute kofia yake, ile aliyokuwa akiiweka juu ya kiti.

Fundi alitoa propela, ule mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na tatizo likaonekana waziwazi. Ile pete ya mpira inayozuia oili mahali propela inapoingia, mafundi huiita sili, ilikuwa imekauka na kupasuka. Mpya haipatikani. Zamani mtu angevuka Sirari akainunua Kenya. Sasa mpaka umefungwa. Fundi akasema magari ya zamani kuliko hili yalitumia sili za ngozi, naye ngozi anaijua, ila anataka ya ng'ombe mzee, iliyolainishwa kwa miaka, siyo ya dukani.

Mama Bhoke akaingia ndani, akatoka na ngozi anayolalia. Alimpa Fundi kisu akamwonyesha pa kukata.

"Kata hapo miguuni," akasema. "Lakini huyu asipomleta mkewe, nitaing'oa garini niirudishe hapo ilipotoka."

Hakucheka, na mimi sikujua pa kuangalia.

Pete ya kwanza haikufaa. Fundi aliiloweka kwenye mafuta muda mfupi tu kwa kuwa watu walikuwa wanangoja kulisimamisha gari, na nilipokwenda Nyamongo kuandika habari, ilipata joto ikaungua. Nilirudi na doa lilelile. Kuwaita tena watu wale kulinitia aibu, lakini walikuja, wakalilaza tena, safari hii kwa haraka, kama fahali aliyezoea. Pete ya pili ililowekwa juma zima.

Juzi nilikwenda nalo Mugumu na kurudi, barabara mbaya yote. Niliona mahali njiani panapofanana na pale tulipokunywa maji siku ya kwanza tuliposafiri na baba yako, nikapunguza mwendo. Hapakuwa na kitu. Nilipita. Huwa napita mahali pengi namna hiyo. Jioni watu wa hapa wanaongea lugha yao uani, nami najua salamu tu. Nakaa nao, nacheka wanapocheka, kisha naingia ndani ambako hakuna wa kuniuliza nimekula.

Nilitandika gazeti chini ya giaboksi usiku. Asubuhi nilikuta tone moja, ukubwa wa punje ya harage. Nilimwita Fundi. Aligusa, akanusa, akapangusa kidole kwenye suruali.

"Ngozi lazima itoke jasho, Ndugu Mwandishi," akasema. "Ikikauka kabisa, ndipo uogope."

Hilo ndilo jibu lako. Sisemi halivuji. Linavuja tone moja kwa usiku, nami nimepata oili ya kuongeza njiani. Kwa kipimo changu linafika na kurudi. Natoka hapa Jumatano alfajiri. Barua hii inatangulia na basi la leo. Mfungie mama godoro lile jembamba, cherehani uifunge kwenye blanketi, na mwambie mwalimu mkuu wako kwamba unaondoka.

Mpe shikamoo yangu mama mkwe. Msalimie shangazi yake Zuhura anayekuchotea maji, na jirani yetu muuza mkaa, umwambie kitanda hatumuuzii tena; tutakiacha kwa shangazi. Zuhura mwambie nimemwekea msumari wake wa kutundikia mkoba wa shule.

Ukisikia honi, usishangae nikichelewa kuingia. Nitakuwa nachungulia kwanza chini ya gari.

Mumeo anayekuja,
Baba Zuhura